Gumba la Vilasini

Alikuja mchana, dukani kwangu Kollam,
kati ya muuza dawa na mshona miavuli,
akaweka simu mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.
"Hainitaki," akasema.
"Leo mara saba. Ya nane ikaniadhibu:
ngoja sekunde thelathini."

Nikamwomba auweke mkono chini ya taa.
Miaka ishirini na sita ya kubangua korosho.
Mafuta ya ganda yamekula mistari
kama mchwa alavyo daftari,
yakaacha weusi, ulaini,
ukurasa usio na herufi.
Hujipaka majivu kabla ya kazi, alisema, na mafuta ya nyonyo,
ila majivu huchoka kabla ya saa nne.
"Mimi nipo. Kidole ndicho kimeondoka."

Nikabandua kioo cha kinga, cha bei ya chini,
chenye kiputo cha hewa
pale pale gumba linapokanyaga.
Nikafuta alama zote za zamani.
Nawa, nikamwambia. Kausha.
Sasa weka; usikandamize kama unavunja ganda,
weka kama unavyopima homa ya mtoto.
Gumba ubavu, gumba ncha, gumba lililopinda
vile unavyoishika simu na ndoo ikiwa mkono wa pili.
Kisha gumba lile lile tena, kwa jina jingine,
simu ikadhani mama huyu ana magumba matatu.
Tukacheka.
Mwisho kidole kidogo cha kushoto,
kisichojua nyundo wala ganda,
mistari yake mizima kama ya mtoto,
kimekaa miaka yote kikingoja kuitwa.

Ikafunguka. Mara kumi kwa kumi.
Akalipa rupia hamsini, nikamrudishia ishirini.

Jumanne iliyofuata akarudi.
Simu hakuiweka mezani. Aliikumbatia.
"Inafunguka," akasema.
"Inafunguka mno."

Alikuwa amewasimulia wote, wakati wa chakula,
kwa fahari: nawa, kausha, weka taratibu.
Alfajiri, rupia elfu nne na mia tatu,
ada ya shule ya Anjusha, hazipo.
Ujumbe wa benki umekwisha somwa.
Na gumba lake la kulia,
ambalo huenda kulala likinuka nyonyo,
liliamka likinuka sabuni.

Nyumba ile ina watu wanne.
Mmoja ni yeye. Mmoja ana miaka tisa.
Mmoja ni mama mkwe, haoni.
Hatukumaliza kuhesabu.
Kikulacho, basi, ki kitandani.

Nilitazama kidole nilichokifunza kazi.
Ni bawabu asiyelala:
mwenye nyumba anakoroma,
yeye anapokea wageni.
Nikamwambia, zima simu kabla ya kulala, izime kabisa.
Ikiwashwa upya haijui gumba la mtu
mpaka isikie nambari.
Ya benki iwe na nambari yake peke yake.
Gumba lifanye kazi mchana, ukiwa macho,
ukiwa na ndoo.

Tarakimu sita, nikasema.
Si mwaka wa kuzaliwa. Si mwaka wa arusi.
"Hasa si wa arusi," akasema,
na hapo ndipo sauti yake ilipokwaruza.

Akanigeuzia mgongo.
Bega likapanda, kiwiko kikajikunja,
akaanza kutafuta ndani yake kitu
ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza.
Alichukua muda. Mteja mwingine aliingia, nikamwashiria asubiri.

Simu ile, kila tarakimu ina mlio wake,
na masikio yangu, kwa kazi hii, ni mabaya.
Nilipoona kidole kinashuka
niliwasha feni, ile mbovu, yenye kelele,
nisisikie.